Mtoto Asiye na Ndugu Ana Ng'ombe Wawili

Mwamanyili, Busega
20 Januari 2025

Kwa Danford Ndaki,
Mratibu, Kituo cha Watoto Wabeja, Bariadi.

Mwangaluka. Nakusalimia kwa sababu mama yangu alinifundisha kumsalimia hata mtu niliyemkasirikia. Salamu zimeishia hapo.

Mimi ni Eufrasia Luhaga, shangazi wa wale mapacha, Kulwa na Doto, watoto wa kaka yangu Magese. Unanikumbuka hata kama hutaki. Ni yule muuza dagaa wa Lamadi aliyekaa chini barazani kwenu mwaka juzi akakataa kuondoka mpaka mkamwita mlinzi. Siku ile nilikuja kumchukua Doto, mkaniambia ameshapata wazazi na mahakama imeshamaliza. Leo sikuandikii kwa ugomvi ule. Ule upo, utasubiri.

Kulwa amepimwa damu hospitali kubwa ya Mwanza. Mwaka mzima tulikuwa tunampa dawa za malaria, mtoto anavimba vidole, analia miguu inamuuma, tunampaka mafuta. Kumbe ana selimundu, hii ambayo watu wanaiita sikoseli. Daktari akaniuliza kama ana ndugu wa tumbo moja. Nikamwambia ana pacha wake, na walipokuwa wachanga, kabla hatujawaleta kwenu, nilimfunga Kulwa uzi mguuni ili nisimnyonyeshe chupa mara mbili mmoja nikamwacha mwenzake na njaa. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema kama wanafanana hivyo, basi na huyo mwingine anayo, apimwe sasa hivi. Kuna vidonge vya kila siku. Asipovipata anaweza kupooza. Mtoto wa miaka mitano, apooze kama mzee!

Sikuulizi Doto yuko wapi. Sikuulizi wamempa jina gani. Chukua simu uwaambie hao waliomchukua: mpimeni selimundu. Maneno mawili tu.

Eufrasia Luhaga

*

Kituo cha Watoto Wabeja
Bariadi
3 Februari 2025

Bi. Eufrasia Luhaga,

YAH: OMBI LA KUFIKISHA TAARIFA KWA MTOTO ALIYEASILIWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kituo kinakiri kupokea barua yako.

Unafahamishwa kuwa, kwa amri ya mahakama, mtoto tajwa ni mtoto wa wazazi walioasili kana kwamba amezaliwa nao. Uhusiano wake na familia ya awali umekoma kisheria. Kwa msingi huo wewe si ndugu wa mtoto huyo, na kituo hakina mamlaka ya kupokea wala kufikisha ujumbe kutoka kwako. Jalada limefungwa.

Unashauriwa kumwona mwanasheria kwa msaada zaidi. Kituo kinamtakia Kulwa afya njema.

D. Ndaki
Mratibu

*

Mwamanyili
17 Februari 2025

Danford,

Barua yako nimemsomea Magese. Aliniomba nirudie pale penye "umekoma". Nikarudia. Akainuka akaenda zizini, hakurudi mpaka chakula kikapoa.

Sasa nisikilize mimi. Mke wa Magese alifariki akijifungua hawa watoto. Mtoto asiye na maziwa ya mama anapelekwa kituoni, anakaa mpaka aweze kula uji na ugali, halafu kwao wanakuja kumchukua. Ndivyo watu wa huku tunavyofanya, tangu kwa masista wa zamani, na hakuna asiyejua. Hatukutupa mtoto, tulimpeleka kwenye maziwa. Kulwa alipopata nguvu tulimchukua. Doto alikuwa bado anaharisha, na ni muuguzi wenu mwenyewe aliyesema mwacheni kwanza, tutawapigia.

Mlipiga. Laini yangu ilikuwa imefungwa kwa ajili ya yale mambo ya kusajili kwa alama za vidole. Basi hamkumtuma mtu hata kwa mwenyekiti wa kijiji? Kutoka Bariadi mpaka Mwamanyili ni mbali kiasi gani? Mkaenda kutangaza gazetini. Gazetini, Danford! Magese alikuwa Katavi na ng'ombe, anafuata majani, anatuma salamu kwa wasafiri. Gazeti lingemfikia limefungia nini, sabuni? Halafu mahakamani mkasema baba hajulikani alipo. Wewe hukumjua. Kila mchungaji kutoka hapa mpaka Katavi alimjua.

Na nikueleze jambo ambalo halimo kwenye jalada lako. Kwetu mapacha hupewa sawa. Ukimpa mmoja kikombe, na mwenzake kikombe. Magese aliporudi alimpa Kulwa mtamba, na siku hiyo hiyo akamtengea Doto wake, ijapokuwa yeye hayupo. Wa Doto amezaa mwezi wa kumi na moja. Kwa hiyo huyo mtoto wenu asiye na ndugu ana ng'ombe wawili hapa Mwamanyili, na kila asubuhi kuna watu wanaowapeleka malishoni kwa jina lake. Watu gani hao, kama si ndugu?

Mwanasheria sina. Nitakuja mwenyewe, na nitakuja na Kulwa.

Eufrasia

*

Dodoma
2 Machi 2025

Ndugu Danford,

Ni Winnie, mama yake Alvin. Sijawaandikia tangu tulipomchukua, si kwa kusahau fadhila. Alvin ndiye furaha ya nyumba hii. Nimeweka picha yake ya siku ya kwanza ya shule ya awali. Mume wangu Constantine anasema sare imekuwa kubwa kuliko mtoto.

Nina mambo mawili. La kwanza ni afya. Tangu Desemba anapata maumivu ya miguu na mikono, na viganja vinavimba. Tumeambiwa malaria, tukaambiwa ni baridi yabisi, tukaambiwa anakua. Juzi daktari mpya ameuliza kama kuna ugonjwa wa kurithi kwao, au ndugu aliyewahi kuwa na hali hii. Naomba mtazame kumbukumbu zenu, hata neno moja linaweza kusaidia.

La pili huenda mkaliona dogo. Shuleni kulikuwa na siku ya utamaduni, kila mtoto asalimie kwa lugha ya kwao. Mliponipa mtoto niliuliza ni kabila gani, mkaniambia haijulikani. Tulimfundisha salamu ya Kipare ya baba yake, akaisema vizuri, watu wakapiga makofi. Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Mama, hii ni ya baba. Ya kwangu ni ipi?" Kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuja kumtazama, naomba kujua. Simtafuti ili nimgombeze.

Winnie Mbwambo

*

Kituo cha Watoto Wabeja
6 Machi 2025

Kwa: Wakili Anatoli, Mshauri wa Sheria wa Kituo
Kutoka: Mratibu

Naomba ruhusa ya kufungua jalada la mtoto Doto Magese (sasa Alvin). Mama aliyeasili anauliza historia ya ugonjwa. Shangazi, aliyeandika mara mbili, anasema pacha ana selimundu. Barua zote zipo mezani kwangu, za pande zote mbili. Naomba nizikutanishe.

Danford

(Jibu limeandikwa kwa mkono chini ya karatasi hiyo hiyo:)

Hapana. Anayetaka kufungua jalada aende mahakamani. Ukipokea ujumbe wa familia ya awali umeshakiri kuwa bado ni familia, na kesho watadai mtoto. Mjibu mama kwa kilichomo kwenye jalada, usiongeze. A.

*

Kituo cha Watoto Wabeja
10 Machi 2025

Bi. Winnie Mbwambo,

Tumefurahi kupata habari za Alvin na picha yake.

Kumbukumbu zilizomo kwenye jalada zinaonyesha kuwa mtoto hakuwa na ndugu waliojitokeza. Hakuna taarifa za magonjwa ya familia. Kuhusu kabila, jalada halisemi.

Tunamwombea apone haraka.

D. Ndaki
Mratibu

*

Mwamanyili
24 Machi 2025

Danford,

Nilisema nitakuja na Kulwa, nikaja. Uliposikia jina langu ulimwambia yule binti wa mapokezi aseme umetoka. Bahati mbaya kwako Kulwa hajui mambo ya watu wakubwa, alisukuma mlango akaingia.

Nilikuona. Ulisimama, ukakaa, ukasimama tena. Ukamwangalia mtoto kama mtu aliyeona mwizi wake sokoni. Halafu ukafungua droo, ukatazama kitu, ukaifunga haraka mpaka ukabana kidole. Kulwa akaniuliza kwa Kisukuma kama huyo baba anaumwa. Nikamwambia ndiyo, anaumwa.

Mimi nauza samaki, Danford. Mteja anayetazama pembeni namjua. Una picha ya Doto mle ndani. Umemwona Doto, na umemwona Kulwa, na unajua kuwa ni mtu mmoja mara mbili. Hata kama jalada lina kufuli saba, macho yako hayana.

Nilikaa kwenye kiti chako cha wageni na nikakwambia kwa sauti, mbele ya mlinzi wako, kwamba Kulwa anakunywa kidonge kimoja kila siku na tangu aanze hajalia. Kimoja! Ukanijibu, "Mama, mikono yangu imefungwa." Imefungwa na nani? Niliiona, ilikuwa juu ya meza, mizima, ina saa na pete.

Mtoto akifa utaandika nini? Kwamba uhusiano wake na uhai umekoma kisheria?

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Utanisamehe kwa karatasi.

Eufrasia

*

Bariadi
2 Aprili 2025

Mama Alvin,

Nimekupigia tangu asubuhi hupatikani, kwa hiyo natuma kwa basi.

Mpeleke Alvin kupimwa selimundu leo. Usisubiri kumaliza kusoma.

Nimeweka barua tatu za shangazi yake. Anaye shangazi. Anaye baba, na anaye pacha. Niliyokuandikia Machi ndiyo yaliyomo kwenye jalada, lakini si kweli.

Sina ruhusa ya kufanya hivi.

Danford Ndaki

*

Dodoma
28 Aprili 2025

Bi. Eufrasia Luhaga,

Barua zako zilinifikia wodini. Danford alipokuwa ananipigia, simu yangu ilikuwa imezima na mimi nilikuwa nimekaa sakafuni pembeni ya kitanda cha Alvin. Tarehe 30 Machi alikuwa anakunywa chai. Kikombe kikamdondoka. Nikamwambia shika vizuri, akanitazama tu. Mdomo ulikuwa umeenda upande.

Ni kiharusi. Na ni selimundu, kama ulivyosema. Yuko hai. Anaongea. Mkono wa kushoto hauinuki na mguu anauburuta. Nilimwonyesha daktari barua yako ya Januari. Aliisoma, akaniuliza nilikuwa wapi muda wote huo. Nilikuwa hapa hapa! Nilikuwa nagonga kila mlango wa Dodoma, nampaka mtoto dawa ya baridi yabisi, huku jibu liko Bariadi kwenye droo moja na picha yake.

Nakwambia ukweli, na wewe nina hasira nawe. Miaka miwili nimemchukia mtu nisiyemjua aliyemtupa mtoto mzuri kiasi hiki. Nimepewa karatasi yenye mhuri inayosema hana mtu. Nikaijenga nyumba yangu juu ya karatasi hiyo. Sasa unaniambia kulikuwa na shangazi barazani anaondolewa na mlinzi, na nyumbani wanahesabu ng'ombe wake. Nifanye nini na chuki yangu yote? Nimpe nani?

Na ninaogopa. Constantine anasema nisikujibu, mtakuja kumchukua. Kwa hiyo nakwambia mapema: simrudishi. Usiniombe. Mimi ndiye ninayemgeuza usiku ili asilalie mkono usiokuwa na hisia. Kwangu ni Alvin na mimi ni mama yake.

Lakini daktari anauliza maswali kuhusu Kulwa: dozi, mara ngapi amelazwa, damu aliyoongezewa. Naomba unijibu. Namba yangu iko chini.

Winnie

*

Mwamanyili
9 Mei 2025

Mama Alvin,

Pole. Nimeandika neno hilo peke yake mistari miwili, nikaona halitoshi, nikalifuta nikaanza upya. Pole sana, mayu, ndivyo kwetu tunavyomwita mama.

Dozi za Kulwa na majibu ya kliniki nimekutumia kwenye simu. Huku nakuandikia yasiyoweza kukaa kwenye simu.

Ulipoandika "simrudishi" niliwaka. Nilitaka kukujibu maneno ambayo yangekufanya uchane barua. Magese ndiye aliyenizuia. Alinisikiliza nikisoma pale uliposema umekaa sakafuni, akaniambia, "Muulize huyo mama amekula." Ndiyo kauli yake yote. Basi nakuuliza, unakula?

Hakuna atakayekuja kumchukua. Wewe unafikiri hivyo kwa sababu sheria yenu ina milango miwili tu, mtoto ni wa huku au wa kule. Sisi watoto wetu wanalelewa kwa mjomba, kwa bibi, kwa rafiki wa baba kule Meatu, wanakua, wanaoa, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kwao kumefutwa. Ana mama Dodoma, sawa. Ana baba Mpare, sawa, ajue na salamu yake. Tulichotaka ni kwamba Doto ajue kuwa yupo mwingine mwenye uso wake. Na tulitaka apimwe. Hilo la pili lilikuwa na haraka, na wao wakalifungia pamoja na la kwanza, wakakalia ufunguo.

Mwite Alvin. Sisi tutamwita Doto, si kwa ubishi. Kwetu pacha wa pili ni Doto, hilo hakuna aliyemchagulia.

Aliuliza salamu yake ni ipi. Mwambie asubuhi ni "mwangaluka", jioni ni "mwadila". Akikosea mwache akosee, Kulwa naye anakosea.

Danford amefukuzwa. Nilikutana naye mnadani Lamadi, ananunua nguo za mtumba kama watu wengine. Nilikuwa na matusi yake nimeyatunza tangu Machi. Nilipomwona nikashindwa kuyatoa, nikampa dagaa. Bado nina hasira naye. Alikaa na barua yangu miezi miwili. Lakini ananiambia yule wakili wa kituo aliandika "hapana" bila kukaa nayo hata dakika moja, na bado ana kiti.

Mwezi wa saba kuna watu wanakuja Bariadi kukusanya maoni ya kubadilisha sheria ya kuasili watoto. Imetangazwa kwenye redio, nashukuru safari hii si gazetini. Nitakwenda. Njoo tukaseme wote wawili. Nikienda peke yangu watasema ni mwanamke wa kijijini anayetaka mtoto wa watu. Njoo naye, kama anaweza safari.

Wabeja, ndiyo asante ya kwetu, kwa kumlaza salama.

Eufrasia

*

Bariadi
18 Julai 2025

Kwa wajumbe wanaokusanya maoni kuhusu sheria ya kuasili watoto,

Sisi tunaoandika ni wanawake wawili. Mmoja ni mama aliyemwasili mtoto aitwaye Alvin Doto, mwingine ni shangazi yake wa damu. Asubuhi mlitupa dakika tatu kila mmoja, na mwenyekiti wenu akagonga meza kabla hatujafika katikati. Basi tunaandika, maana karatasi haigongewi meza.

Mama anasema: sikuhitaji familia ya mtoto wangu ifutwe ili niwe mama. Hakuna aliyeniuliza. Mlinilinda dhidi ya watu ambao wangeniokolea mtoto. Tafuteni ndugu kwa miguu, kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa redio, mnadani, kanisani, kabla ya kuandika kwamba hawapo. Msitenganishe mapacha. Mtoto aende na jina lake la kwao na lugha ya kwao vikiwa vimeandikwa, hata akipewa jina jingine. Na habari ya ugonjwa ivuke ukuta wowote mtakaoujenga, siku hiyo hiyo inapofika.

Shangazi anasema: mimi sina maneno mazuri kama ya mwenzangu. Nyie mna sheria inayoweza kuniambia kwa mhuri kwamba mimi si ndugu wa mtoto niliyemshika akiwa bado na damu ya mama yake. Nimetukanwa sana sokoni kwa miaka ishirini, ila tusi kubwa kama hilo sijapata. Lifuteni.

Watoto wote wawili wako hapa nje na Magese. Tangu jana wameshikana. Alvin Doto anaburuta mguu, Kulwa ameamua kutembea polepole, wala hakuna aliyemwambia.

Tuliuliza wanasheria wawili, wa Dodoma na wa hapa, tumshitaki nani. Wamesoma karatasi zote. Wanasema kituo kilifuata sheria kilipotangaza gazetini. Mahakama ilifuata sheria. Wakili alifuata sheria alipoandika "hapana". Barua ya Januari ilikaa mezani kisheria mpaka mkono wa mtoto ukafa mwezi wa tatu. Katika habari hii yote, wanasema, aliyevunja sheria ni mtu mmoja tu, Danford Ndaki, siku aliyotuma zile barua kwa basi.

Winnie Mbwambo
Eufrasia Luhaga